Jukwaa la Mafunzo ya Afya Lianze Kupimwa Burnt Forest

Daktari wa Kenya hutakiwa kukusanya pointi zisizopungua 50 za mafunzo endelevu kila mwaka ndipo leseni yake ihuishwe. Wauguzi na maafisa wa kliniki nao wana masharti yao, chini ya mabaraza yao wenyewe. Sharti hilo halina ubaya. Tiba hubadilika, na mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na mtu anayeendelea kusoma, si mtu aliyefunga vitabu siku ya mahafali. Kasoro ni kwamba pointi hazipatikani kwa wepesi uleule kila mahali. Aliye Nairobi ana makongamano ya hotelini na mihadhara ya jioni katika hospitali kubwa. Aliye Eldoret ana Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Moi wako karibu naye. Aliye Burnt Forest, mji wa baridi ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ana foleni ya akina mama na watoto tangu asubuhi, majeruhi wa barabarani wanaofika bila taarifa, na simu yake mfukoni. Akiomba ruhusa ya siku tatu aende warshani, mwenzake ndiye anayebeba zamu zake. Kwa mtu huyu, mafunzo endelevu ni kile kinachofunguka katika simu ile. Kisipofunguka, pointi atazitafuta kwa njia yoyote, na elimu ataikosa.

Majukwaa ya mtandaoni yalikuja kuziba pengo hilo, na mengi yake sasa yamezeeka. Kila baada ya miaka michache husikika wito wa kuyajenga upya, na aghalabu wito huo huishia katika mambo yaleyale: nembo mpya, rangi mpya, picha ya muuguzi anayetabasamu akiwa na tableti, na hafla ya uzinduzi yenye hotuba nyingi kuliko masomo. Makala haya yana dai jingine. Jukwaa lililopitwa na wakati halijengwi upya kwa kubadilishwa sura. Hujengwa upya kwa kuanzia mahali linapotumiwa katika hali ngumu zaidi, na kwa kuhamisha salama kila kitu ambacho watu walikwisha kuweka ndani yake. Ushahidi wa dai hili hauhitaji kutafutwa ng’ambo. Upo umbali wa safari fupi ya matatu kutoka Burnt Forest.

Lakini heshima kwanza, maana majukwaa ya zamani hayakuzaliwa na uzembe. Shirika la AMREF, lililoanza mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wa ndege, lilikuwa likiwatumia wahudumu wa vijijini masomo kwa posta kabla intaneti haijafika kwetu. Mwaka 2005, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, lilianzisha masomo ya kielektroniki ya kuwapandisha wauguzi wenye cheti hadi stashahada. Waliolengwa walikuwa takriban 22,000. Hesabu iliyotolewa wakati huo ilionyesha kwamba kwa nafasi zilizokuwapo vyuoni, kuwasomesha wote kungechukua zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo kompyuta ziliwekwa mahospitalini na vyuoni, masomo yakatiwa humo, na muuguzi akasoma bila kuacha kazi. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kwa zama zake. Kilichofanya mpango wa namna hiyo uzeeke ni jambo ambalo mwaka 2005 wachache walilitarajia kwa ukubwa wake, kwamba kompyuta ingehamia mfukoni. AMREF yenyewe ililifuata badiliko hilo. Ilijenga Leap, iliyowafikia wahudumu wa afya ya jamii kwa ujumbe mfupi na sauti hata kwenye simu za kawaida, kisha Jibu, programu ya simu kwa ajili ya wauguzi na wakunga. Mwenye nyumba mwenyewe alikwisha kukubali kwamba chumba cha kompyuta hakitoshi tena.

Wengi hawakuhama. Tuangalie kwa karibu jinsi kozi ya zama zile inavyofunguka katika simu ya bei nafuu. Ukurasa ulichorwa kwa kioo kipana cha mezani, hivyo herufi zinafika zikiwa ndogo mno na msomaji anazivuta kwa vidole viwili, mstari kwa mstari. Video inaanza kujipakua yenyewe, na bando la siku linayeyuka kabla mhadhiri hajamaliza kujitambulisha. Katikati ya somo la nne muuguzi anaitwa leba. Anaporudi, mfumo umekwisha kumtoa, na akiingia tena anakuta yupo ukurasa wa kwanza. Amesahau nenosiri? Kiungo cha kulibadilisha kinatumwa kwa baruapepe ya mradi uliofungwa miaka mitano iliyopita. Akifanikiwa kufika mwisho, mtihani wenyewe ni kisanduku cha kijivu kisichobonyezeka. Hicho kisanduku kina historia. Kozi nyingi duniani zilitengenezwa kwa Flash, teknolojia ambayo kampuni ya Adobe ilitangaza Julai 2017 kwamba itaizika, ikaacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na Januari iliyofuata ikazuia kabisa isicheze. Notisi ilikuwa ya zaidi ya miaka mitatu. Kozi ambayo haikubadilishwa katika muda huo haikuuawa na teknolojia. Iliuawa na kutokuwa na mwenyewe.

Uzee wa kisanduku cha kijivu una faida moja, nao ni kwamba unaonekana. Uzee wa hatari ni wa somo linalofunguka vizuri, linalosomeka vizuri, na ambalo si kweli tena. Wanaotibu VVU wanaikumbuka hadithi ya dolutegravir. Mei 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya kuwapa dawa hiyo wanawake wanaoweza kupata mimba, baada ya takwimu za awali kutoka Botswana kuzua hofu ya watoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Takwimu zaidi zikapatikana, hofu ikapungua, na Julai 2019 shirika hilohilo likaipendekeza kama dawa ya kwanza kwa watu wote. Kozi iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa mwishoni mwa 2018, ikapewa pointi na baraza, ikawekwa mtandaoni na kuachwa humo, ingeendelea kwa miaka kuwanyima wanawake dawa bora. Mwandishi wake hakukosea. Aliyekosea ni yule aliyejenga jukwaa lisilo na tarehe ya somo kuisha muda, wala jina la mtu wa kulipitia. Dawa yenyewe rafuni hubandikwa tarehe ya kuharibika. Somo la kuitumia, mara nyingi, halina.

Sasa tuje kwenye ushahidi wa jirani. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kaunti ya Nandi, kusini mwa Eldoret, ulianzishwa mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, miongoni mwa ya kwanza ya aina yake katika vituo vya vijijini kusini mwa Sahara. Ulikuwa tunda la ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ushirikiano ambao mwaka huohuo ulizaa mpango wa AMPATH wa kupambana na Ukimwi. Vifaa vilikuwa haba: kompyuta mbili zilizounganishwa, pamoja na umeme wa akiba, kwa kuwa stima ilikatika ipendavyo. Mgonjwa alizunguka na fomu ya karatasi kutoka dirisha hadi dirisha, na karani akaiingiza kwenye mfumo. Hakuna kilichong’aa hapo. Lakini waliojenga walipima. Joseph Rotich na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2003: ziara ya mgonjwa ilikuwa fupi kwa asilimia 22, muda ambao mhudumu alitumia kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58, na mgonjwa alisubiri kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 38. Waliweza kusema kilichobadilika, kwa sababu walihesabu kabla na baada.

Kilichofuata ndicho hasa kinachotuhusu. Mfumo wa Mosoriot, na ule wa AMPATH uliotokana nao, ulijengwa kwa programu ya Access ya Microsoft. Kliniki za VVU zilipoongezeka, Burnt Forest ikiwa miongoni mwa vituo vya vijijini vya AMPATH, ilionekana wazi kwamba msingi ule ungelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief huko Indiana walianza kusanifu mfumo mwingine, wakaungana na wataalamu waliokuwa wakipambana na tatizo hilohilo Rwanda na Afrika Kusini, na ikazaliwa OpenMRS. Februari 2006 ulianza kutumika Eldoret. Kumbukumbu za wagonjwa zilihamishwa kutoka mfumo wa zamani. Hakuna aliyeambiwa aanze upya kana kwamba miaka yake ya matibabu haikuwapo. Programu yenyewe ilitolewa huria, yeyote aichukue na kuirekebisha. Leo KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Mfumo uliosanifiwa kwa ajili ya kliniki za Uasin Gishu na Nandi umekuwa msingi wa mifumo ya mataifa, na sijui kama Wakenya wanaujua ukweli huu kadiri wanavyoijua hadithi ya M-Pesa.

Mambo manne yaliufanya ujenzi ule ufaulu. Ulianza kijijini, sio makao makuu. Ulipimwa. Ulihamisha kilichokuwapo. Na haukufungwa na kampuni moja. Ukiuliza maswali hayo manne kuhusu jukwaa lolote jipya la mafunzo ya wahudumu wa afya, utajua upesi kama linajengwa au linapakwa rangi. La kuhamisha kilichokuwapo ndilo linalodharauliwa zaidi, ilhali kwa mhudumu ndilo lenye uchungu. Rekodi ya pointi zake ni sehemu ya leseni yake, na leseni ni ugali wake. Jukwaa jipya linapozinduliwa huku rekodi za lile la kale zikibaki katika kompyuta ambayo hakuna anayeilipia, aliyesoma usiku baada ya usiku anageuzwa mtu asiyesoma. Burnt Forest inajua maana ya kuhama ghafla: katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 eneo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi, na watu walitawanyika wakiwa na nguo walizovaa. Mtu anayehama hivyo, au anayehamishwa tu na mwajiri wake kutoka kaunti moja hadi nyingine, anahitaji rekodi inayomfuata yeye, wala si inayokifuata kituo, mradi au mfadhili.

Je, kusoma kwenye simu kunabadilisha chochote mkononi mwa mhudumu? Ushahidi hapa una pande zake, na ni heri kuusema wote. Mwaka 2004 Kenya iliamua kuiacha dawa ya SP katika tiba ya malaria na kuchukua mseto wa artemether-lumefantrine, uliosambazwa kuanzia 2006. Miaka ilipita, na bado wahudumu wengi hawakufuata mwongozo mpya sawasawa. Ndipo Dejan Zurovac na wenzake wa mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walipojaribu jambo la bei rahisi sana. Kwa miezi sita waliwatumia wahudumu 119 wa vituo vya vijijini ujumbe mfupi wa simu, kila siku ya kazi, ujumbe mmoja ukiwa na kipengele kimoja tu cha mwongozo wa kumtibu mtoto mwenye malaria. Jumla ya vituo 107 vilihusika, vilivyopata ujumbe na visivyopata. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011: matibabu sahihi yaliongezeka kwa pointi 23.7 za asilimia, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma ongezeko lilikuwa bado lipo, pointi 24.5. Hakukuwa na video, wala cheti, wala mhadhiri mwenye tai.

Upande wa pili ni mzito vilevile. Mwaka 2018 Alexander Rowe na wenzake walikusanya tafiti zaidi ya 300 kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati na kuuliza ni nini huboresha kazi ya mhudumu wa afya. Mafunzo peke yake yaliinua utendaji kwa takriban pointi 10 za asilimia. Mafunzo yakiunganishwa na usimamizi wa karibu, takriban 18. Teknolojia peke yake, bila kitu kingine, iliinua karibu pointi moja tu. Mwaka huohuo mapitio ya Cochrane, yaliyohusisha majaribio 16 na wataalamu 5,679, hayakuona tofauti kubwa kati ya wanaosoma mtandaoni na wanaosoma darasani. Anayetaka kuuza jukwaa atayaficha matokeo haya. Anayetaka kulijenga vizuri atayabandika ukutani. Yanasema kwamba mtandao hauna muujiza wake wenyewe. Ujumbe wa malaria ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa mfupi, ulirudiwa, na ulimhusu mtoto atakayeingia chumbani asubuhi ileile. Ukiuondoa uhusiano huo kati ya somo na mgonjwa, unabaki na kioo. Na ikiwa darasa na mtandao vinafundisha karibu sawa, basi sababu ya kuchagua mtandao ni moja tu: kumfikia asiyeweza kufika darasani. Jukwaa lisilomfikia huyo halina sababu ya kuwapo.

Wapo watakaosema haya yote yamepitwa na WhatsApp. Makundi yapo, ya wauguzi, ya maafisa wa kliniki, ya kaunti nzima. Mwongozo mpya ukitoka asubuhi, jioni kila mtu anao. Hoja hii ina nguvu, na wajenzi wa majukwaa wangefaa waionee aibu, kwa sababu mhudumu amepiga kura kwa kidole gumba: ametumia kinachofunguka upesi na kumrudisha pale alipoachia. Hata hivyo kundi la WhatsApp halina mhariri. Tahadhari ya 2018 juu ya dolutegravir inaweza kusambazwa tena leo bila tarehe, na anayeipokea hana njia ya kujua kwamba ilikwisha kufutwa. Halihifadhi rekodi ya nani kasoma nini. Tena humo hupitishwa picha za vidonda na karatasi za maabara zenye majina ya wagonjwa, jambo lisilopatana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Jibu ni kulitumia kundi kama mlango: kipengele kifupi kinatumwa huko, na anayetaka kusoma zaidi na kupata pointi anabonyeza na kuingia katika jukwaa lenye mwenyewe.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha na watu. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku hahitaji kozi, anahitaji mwenzake. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56 kuanzia Machi hadi Mei, uliwakumbusha Wakenya kwamba tatizo la kwanza la hospitali za umma ni ajira na malipo. Sina jibu la kulipangua pingamizi hilo kwa sababu ni la kweli. Ninachoweza kusema ni kwamba jukwaa lisitumiwe kamwe kama kisingizio cha kutoajiri, na kwamba mhudumu tayari anagharimika. Sheria inamtaka awe na pointi. Anazinunua kwa saa zake za mapumziko, kwa bando lake, na mara nyingine kwa nauli na ada ya kongamano. Swali sio kama atumie muda huo, anautumia. Swali ni kama atatoka na kitu. Somo la dakika kumi linaloweza kukatizwa na kuendelezwa linamheshimu mtu asiye na mwenzake wa zamu. Slaidi 80 zilizonyofolewa kutoka mhadhara wa saa mbili hazimheshimu.

Kuhusu mikono, hakuna ubishi. Kumpumulisha mtoto mchanga asiyelia hakufunzwi kwa kusoma. Mafunzo ya dharura za watoto yajulikanayo kama ETAT+, yaliyosambaa Kenya tangu muongo wa kwanza wa karne hii, yamejengwa juu ya kushika mfuko na barakoa na kurudia hatua mbele ya mkufunzi. Watafiti wa Oxford na wa Kenya walitengeneza mchezo wa simu uitwao LIFE unaomkumbusha mhudumu hatua hizo kwa mpangilio, na huo ni msaada mzuri kati ya mafunzo mawili ya vitendo. Lakini simu haishiki mfuko. Jukwaa zuri lingejua mipaka yake. Nadharia isomwe kwenye simu kabla ya siku ya vitendo, siku yenyewe itumike kwa mikono peke yake, na msimamizi wa kaunti apate taarifa ya nani amefanya vitendo na nani amesoma tu. Namba za Rowe zinaelekeza hukohuko: mafunzo yakishikana na usimamizi ndipo yanapozaa.

Na udanganyifu? Husemwa kwamba mtandaoni mtu atabonyeza hadi mwisho bila kusoma, au atamwachia mwanawe afanye mtihani. Yawezekana. Lakini na tuwe wakweli juu ya warsha: wako wanaotia sahihi saa mbili asubuhi na wasionekane tena baada ya chai ya saa nne, na pointi zao huingia kamili. Dawa ya kubonyeza ovyo ni maswali ya mgonjwa halisi, yanayobadilika kila mara, wala si kamera ya kumvizia msomaji.

Wengine wataona ni rahisi kununua mfumo uliokwisha tengenezwa. Sawa kabisa, tena upo usiouzwa. Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia mwaka 2002, ni huria na inatumika katika vyuo vikuu vingi, vya Afrika Mashariki vikiwamo. Hakuna sababu ya kuandika upya kilichokwisha kuandikwa vizuri. Kinachotakiwa kuandikwa kwa uangalifu ni mkataba: kwamba siku mteja akitaka kuondoka, rekodi zote anaondoka nazo, katika umbo linalosomeka na mfumo mwingine, bila kulipia.

Hapa tunafika kwenye kiini cha uzee wa majukwaa haya, nacho si cha kiufundi. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, kwa hiyo mwajiri wa muuguzi wa Burnt Forest ni kaunti ya Uasin Gishu. Leseni yake hutolewa na baraza lililo Nairobi. Mwongozo wa tiba huandikwa na Wizara ya Afya. Jukwaa, mara nyingi, hulipiwa na mfadhili kwa muda wa mradi. Wote wanne huhudhuria uzinduzi. Mwaka wa nne, ada ya kuhifadhi mfumo inapodaiwa na kipengele cha dolutegravir kinahitaji kufutwa, kila mmoja humtazama mwenzake. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, sekta ya afya ya Kenya iliona jinsi bajeti ya mtu mwingine inavyoweza kukatika kwa tangazo la siku moja. Jukwaa la leseni za wahudumu wa taifa haliwezi kuning’inizwa hapo. Ada ya leseni hulipwa na wahudumu wenyewe. Sehemu yake ndogo, iliyotajwa waziwazi katika hesabu za mabaraza, ingetosha kulipa mhariri wa kudumu na fundi wa kudumu. Mabaraza yakiunganisha nguvu na kuwa na jukwaa moja lenye milango tofauti, gharama itapungua zaidi, maana somo la kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua ni lilelile kwa daktari, muuguzi na afisa wa kliniki.

Kwa hiyo wanaotia sahihi mikataba hii waweke sharti moja ambalo halihitaji mshauri wa kulipwa kulieleza. Kabla ya malipo ya mwisho, jukwaa lijaribiwe na wahudumu wa kituo cha kijijini, kwa simu zao wenyewe na kwa mtandao wa mahali hapo, katikati ya zamu ya kawaida. Burnt Forest inafaa. Wakishindwa kumaliza somo moja, kulikatiza, kulirudia na kuona pointi zao zimeingia, mjenzi arudi kazini.

Na wewe muuguzi, afisa wa kliniki au daktari unayesoma ukurasa huu wikendi: pakua leo rekodi ya pointi zako za miaka iliyopita na uihifadhi mahali pako mwenyewe, nje ya jukwaa lolote. Mfumo unaweza kuzimwa bila kukuandikia barua, na siku ya kuhuisha leseni utakayetakiwa kutoa uthibitisho ni wewe.